Umenishukuru Mpaka Mpwapwa

Tuliponunua gari la kunyonya majitaka, mume wangu alilipaka rangi ya kijani kwa mkono wake, kisha akaandika ubavuni kwa herufi nyeupe: TUNANYONYA KARO NA VYOO, MJINI NA VIJIJINI. Herufi zilikuwa kubwa mno. Neno la mwisho likakosa nafasi, likakunja kona hadi nyuma ya tangi. Ukisimama ubavuni unasoma MJINI NA VIJI. Ukitaka yaliyobaki sharti ulifuate gari kwa nyuma, na hakuna aliyewahi kutaka kulifuata kwa nyuma.

Yeye alikuwa dereva wa malori, Mrangi wa Kondoa. Mimi ni Mgogo wa Gulwe, na nilikuwa nimechapa barua za ofisini mpaka macho yakachoka. Ndugu wa pande zote mbili walishangaa kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu tuoane. "Magari yote haya duniani," mama mkwe aliniuliza, "macho yenu yakaangukia hilo?"

Lakini sisi tulikuwa tumeuangalia mji. Dodoma ilikuwa inajengwa kila upande. Nyumba za Mkonze zilikuwa zinaota haraka kuliko mabomba ya majitaka, kwa hiyo kila mwenye nyumba alichimba karo lake uani, na karo, ukilipa muda, linajaa. Wateja walikuwepo. Tatizo ni kwamba hawakutujua, na sisi hatukujua namna ya kujitambulisha kwao. Huwezi kumgongea mtu mlango ukamuuliza habari za choo chake.

Ndipo nikasikia kuna mafunzo ya wajasiriamali wadogo, siku mbili, mjini, chai na chakula juu yao. Nikaenda na daftari jipya.

Mwalimu wetu alikuwa kijana mchangamfu, suruali imeishia juu ya vifundo, viatu havina soksi. Alisema mtandao ndio dirisha la duka lako. Weka picha kila siku. Onyesha hali ilivyokuwa kabla ya kazi na baada ya kazi. Mshukuru mteja hadharani, wengine wamwonee wivu. Niliandika yote, na neno hadharani nikalipigia mstari mara mbili.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hata kama ile hali ya kabla haipendezi?"

"Hasa kama haipendezi, mama! Watu wanapenda ukweli."

Sikuwa nimemwambia ninafanya kazi gani.

Mchana akatupa zoezi la kujitambulisha kwa nusu dakika na kubadilishana kadi. Jirani yangu alikuwa mama anayepika kwenye sherehe. Alijieleza vizuri sana, pilau lake nikaanza kulisikia puani. Zamu yangu nikasema, "Mimi nashughulika na usafi wa mazingira."

"Sema wazi, mama!" mwalimu akapaza sauti. "Usijifiche! Unafanya nini?"

"Nanyonya vyoo."

Mama wa pilau, aliyekuwa ameshaushika ukingo wa kadi yangu, aliuachia taratibu, akauchukua mkoba wake akauhamishia upande wa pili. Mwalimu akasema ni huduma muhimu sana, akaita mtu mwingine.

Ajabu ilianza wakati wa chai. Nikiwa nachukua andazi, mwanamume mmoja akasimama kando yangu akitazama dirishani, kama vile anaongea na mti wa nje. "Dada, hiyo kazi yako... mnafika hadi Mkonze?" Akaondoka, akaja mwingine. Wa tatu alikuwa yule yule mama wa pilau, tena alinivuta hadi nyuma ya mlango. Ile siku ningeielewa, yaliyofuata yasingenipata. Lakini mimi nilikuwa na daftari.

Wiki hiyo hiyo tukanyonya karo la mwalimu mkuu mstaafu, Mkonze. Nyumba nzuri, geti la bluu, juu ya nguzo zake simba wawili wa saruji. Nikapiga picha safi kabisa: gari la kijani, bomba letu nene linapita katikati ya simba. Nikaandika chini yake: "Asante sana mzee wetu, mwalimu mstaafu wa Mkonze, kwa kutuamini. Karo lilikuwa limejaa hadi mdomoni, sasa ni tupu. Familia iko huru!" Nikaiweka kwenye ukurasa wetu, kwenye stetasi ya simu, na kwenye magrupu matatu, likiwemo la kwaya.

Watu waliitazama kwa wingi nisiotarajia. Walikuwa wanacheka, wanatumiana. Nikamwonyesha mume wangu, "Unaona? Yule kijana anajua kazi."

Kesho yake asubuhi simu ikaita. Alikuwa mke wa mwalimu mstaafu.

"Shikamoo mama."

"Shikamoo yako ishikilie kwanza. Wewe ndiye mwenye lile gari la kijani?"

"Ndiyo mama. Tunashukuru sana kwa..."

"Usinishukuru! Umeshanishukuru vya kutosha. Umenishukuru mpaka Mpwapwa!"

Kumbe wakwe watarajiwa walikuwa watu wa Mpwapwa, na Jumamosi ile walikuwa wanaleta mahari ya binti yake. Picha ilikuwa imewafikia kabla ya chakula cha jioni. Mshenga wao, mzee wa adabu sana, alipiga simu kuuliza kwa upole kama mambo ya uani yametengemaa, au wageni wajitayarishe njiani.

Nikafuta picha hapo hapo. Haikusaidia kitu, maana ilikuwa kwenye simu za watu. Mchana tukaenda kuomba radhi mimi na mume wangu, gari tukaliacha mbali tukatembea. Mwalimu mstaafu alikuwa barazani na gazeti. Tulipomwamkia aliliinua gazeti likamfunika uso wote, nikadhani ni hasira, mpaka nilipoona gazeti lenyewe linatikisika.

Mkewe hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa hukumu: "Jumamosi utakuja hapa. Uliwaambia limejaa, utawaambia wewe mwenyewe kwamba ni tupu."

Nilidhani anatania. Jumamosi nikaenda, nimevaa kitenge changu kizuri, mume wangu amekataa katakata kunisindikiza. Mazungumzo ya mahari yalipofika mahali pa kupumua, mama mwenye nyumba akasimama akasema, "Kabla ya chakula, tunaye hapa mtaalamu wa mazingira kutoka mjini." Macho yote yakanigeukia.

Nikasema karo limenyonywa lote, nimelikagua mwenyewe, halina kasoro.

Mshenga akajiweka sawa kitini. Alikuwa ametoka kujadili ng'ombe, na sauti ilikuwa ile ile. "Tunashukuru. Na uwezo wake?"

"Familia ya watu kumi, mzee, bila shida."

"Sisi tumekuja ishirini."

"Mkila kwa kiasi, mzee, litatosha."

Sijui maneno yale yalinitokaje. Mwalimu mstaafu akacheka kwa sauti ya kengele ya shule, na safari hii hakuwa na gazeti. Wageni wakafuata. Bibi harusi mtarajiwa, aliyekuwa chumba cha ndani akisikiliza, naye akasikika. Mshenga alifuta machozi kwa kitambaa, akasema upande wao umeridhika na maelezo.

Jikoni, mama mwenye nyumba alinipakulia chakula kwa mkono wake. Sasa alikuwa anatabasamu. "Mwanangu, nani alikufundisha kunitangaza?"

Nikamweleza habari za mafunzo.

"Huyo kijana alikuwa anawafundisha wauza magauni. Kazi yako ni kama ya nesi. Nesi akishamchoma mtu sindano ya makalio, anamshukuru barabarani? Wewe andika mambo ya kutusaidia, weka namba yako, unyamaze. Tutakutafuta."

Nikafanya hivyo. Nikaacha kupiga picha nyumba za watu. Nikawa najirekodi mwenyewe nimesimama kwenye mizabibu ya jirani, naeleza dalili za karo linalokaribia kujaa, vitu gani usitupe chooni, na kwa nini umuulize fundi wako mfuniko ameufukia wapi kabla hajaondoka na kubadili namba. Nikaenda kwa mafundi bomba, kwa wenye nyumba za kupangisha, na kwa dada wa saluni, ambaye anazijua nyua za mtaa mzima kuliko mwenyekiti. Mume wangu alikubali kufuta maandishi ya gari baada ya siku tatu za kununa.

Hata kwenye ramani ya simu tukajiweka, ingawa mara ya kwanza niliweka alama nikiwa nakula mgahawani. Kwa wiki nzima wateja walikuwa wanaingia kwa mama ntilie wa watu, wanauliza habari za karo mbele ya walaji. Siku hizi namwambia kila mfanyabiashara: kasimame getini kwako ndipo ubonyeze.

Ukurasa wangu ukiutazama utanionea huruma. Hakuna anayependa, hakuna anayetoa maoni. Lakini ujumbe wa siri unaingia tangu asubuhi. "Samahani dada, namuulizia rafiki yangu." Tukifika kwa huyo rafiki, anayefungua geti ni mwenye simu. Na harusi ile tulialikwa, kwa kadi nzuri yenye ua, pamoja na ombi la mdomo kwamba tusije na gari.

Kwa muda mrefu sikuwa na mteja hata mmoja wa kunisemea hadharani. Kisha majuzi tukaenda kwa bibi mmoja wa Kigogo, mjane, nyumba imejaa wajukuu. Tulipomaliza akaniuliza mbona sipigi picha kama wafanyabiashara wengine. Nikamwambia wateja wangu wanaona haya.

"Haya ya nini? Ningoje hapo."

Akaingia ndani, akatoka na kitenge cha kanisani na viatu. Akasimama kando ya tangi, mkono kiunoni, akaniamuru nianze kurekodi. Alisalimia kwanza kwa Kigogo, mbukwenyi, kisha akaitazama kamera.

"Karo langu lilijaa," alisema, "kwa sababu kwangu watu wanakula. Nyie ambao yenu hayajai mwaka wa tano huu, hebu semeni, huko ndani mnapika nini?"