Kumwombea Jambazi wa Mkono wa Chuma

Jumapili moja mwalimu wa watoto katika kanisa letu hapa Kibondo aliuliza, kama kawaida yake, nani ana mgonjwa au mfiwa wa kuombewa. Binti mmoja akanyoosha kidole.

"Tumwombee yule jambazi wa mkono wa chuma. Ameuawa jana."

"Ameuawa wapi?" mwalimu akashtuka.

"Kwenye banda la video. Hata mama hana."

Watoto wote walikuwa wameshafumba macho. Mwalimu hakuomba. Alifunga kipindi, akaleta habari kwetu sisi wazee wa kanisa.

Mwenye banda ni mama mjane. Alizaliwa Burundi, akakulia kambini, kwa wakimbizi, na leo ni raia kama mimi. Alikuwa akiimba katika kwaya ya akina mama. Banda lake ni la miti na maturubai ya kambini, nyuma ya soko, na linatumia umeme wa jua. Filamu humfikia kwenye flashi kutoka Kasulu, nyingi zikiwa kwa Kiingereza. Yeye huzima sauti, hushika kipaza sauti na kusimulia mwenyewe kwa Kiswahili chetu hiki chenye Kiha ndani yake. Hilo banda ndilo linalomlisha.

Baadhi ya wazee walitaka atengwe, yaani aondolewe kwenye kwaya na kwenye meza ya Bwana, aketi benchi la nyuma mpaka atakapolifunga banda. Mwenyekiti wetu, ambaye nilisoma naye chuo cha Biblia kule Kasulu tukiwa vijana, akanituma nikaangalie kwanza.

Nilikwenda siku ya gulio, mchana. Sikuwahi kuingia mahali pale, na magoti yangu hayapendi mabenchi mafupi.

"Babu, ibada imehamia huku leo?" kijana mmoja akauliza.

"Mpisheni akae mbele," mwingine akasema. "Macho yake hayana bando la kutosha."

Wakacheka, nami nikacheka. Filamu ilikuwa ya mtu mwenye barakoa ya buluu, anayeruka angani na kuinua magari kama mtu anayeinua kikapu. Pale bandani kila shujaa huitwa steringi. Kila alipopigwa, jirani yangu alinigusa bega. "Usiogope, mzee. Steringi hafi."

Lazima nikiri kwamba filamu ile ilinipumzisha. Miaka mingi nimesuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba, wa mahari, wa ndugu wasiosalimiana. Kila mkosaji ni shemeji wa mtu, kila kikao huzaa kikao kingine, na unaporudi nyumbani hujui kama ulitenda haki au ulichoka tu. Steringi haitishi kikao. Anamjua mwovu kwa sura, anampiga, mji unashangilia. Nilielewa kwa nini vijana hawa, wanaoshinda wakisubiri kazi isiyokuja, hukaa pale wakimtazama mtu ambaye nguvu zake zinatosha.

Kisha jambazi akajitokeza, mtu mwenye mkono wa chuma aliyetaka kuuzamisha mji mzima. Nilitegemea mama aongeze ukali. Badala yake sauti yake ikashuka.

"Huyu naye alikuwa mtoto," alisimulia. "Watu walikuja alfajiri, wakachoma nyumba yao. Akakimbia na mama yake. Mama akabaki njiani. Alipofika ng'ambo hakuna aliyemuuliza jina. Sasa anataka wote walie kama yeye. Amekosea, jamani. Lakini mtazameni."

Steringi alipomuua, hakuna aliyepiga kelele. Mwanamke mmoja alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Watu walipotoka nilimuuliza mama kama maneno yale yamo katika filamu.

"Kiingereza sikijui, mzee wangu. Nilimwangalia macho tu." Akakunja waya wa kipaza sauti. "Watanitenga?"

"Nitasema nao," nikamwahidi.

Kwetu jambo zito haliingii kikaoni likiwa bichi. Siku moja au mbili kabla, unamwendea mwenye uamuzi nyumbani kwake. Unaketi, unaulizia mahindi na afya ya wajukuu, ndipo unalitaja jambo lako kwa sauti ya chini. Kikaoni mnakwenda kulitamka tu. Nimewafundisha wengine hivyo. Safari hii sikwenda. Siku tatu nilizunguka shambani nikipanga maneno yangu, na niliyapenda.

Kikaoni nikasimama. Nikasema mama huyu amewafundisha watoto kumhurumia mwovu, kazi iliyotushinda sisi wenye Biblia mkononi. Wazee vijana wakasema, "Sema, mzee!" Nikapata joto. Nikamgeukia mwenyekiti, nikamwambia mbele yao kwamba yeye hajui kukimbia na mtoto mgongoni, na moyo wake umekauka. Nilimwona akiinamisha kichwa. Wakati ule nilidhani nimemshinda.

Aliponyanyua kichwa alisema kanuni ni kanuni. Mama akatengwa mpaka sikukuu ya mavuno.

Nilimpelekea habari mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Wameniambia ulipigana sana," akasema. "Asante. Ila mimi nilitaka uongee nao tu."

Kesho yake nikaenda kwa mwenyekiti, nikiwa nimechelewa kwa wiki nzima. Mke wake akaniletea maji ya kunywa. Niliulizia mahindi. Akanijibu kuhusu mahindi. Kisha nikamwomba radhi.

"Nilikuwa nimeshaamua tumwonye, yaishe," akasema. "Ungekuja hapa Alhamisi ile, kabla ya kikao, tungemaliza. Vijana wananitazama, wewe unaniita moyo mkavu. Ulitaka nirudi nyuma vipi?"

"Na sasa?"

"Oya, hapana, ndugu yangu. Sasa imeandikwa." Akanisindikiza mpaka barabarani, kama zamani, lakini aligeuka kabla sijamaliza kuaga.

Nimejiuliza mara nyingi ni nani kati yetu alikuwa jambazi siku ile, na nimechoka kujiuliza. Mungu amenivumilia kwa makosa makubwa kuliko haya, nami namshukuru.

Jumapili ya meza ya Bwana mama aliketi benchi la nyuma, mikono mapajani. Wenzake wa kwaya waliimba, naye midomo yake ilifuata bila sauti. Nilikwenda mbele kupokea, na wakati wa kurudi nilipita karibu naye. Akasogeza miguu kunipisha.

Zimebaki Jumapili sita kufika sikukuu ya mavuno. Huja kila mara, na akija ananitangulia kufika.