Kiti cha Nyuma cha Hedwig

Hedwig Kutschera aliletwa kwangu na wakubwa wa mji, mkimbizi wa Silesia, kule mashariki walikofukuzwa baada ya vita, mwenye sanduku moja na machozi ya kutosha. Chumba nilimpa kwa kununa, sisemi uongo. Lakini mikono yake, jamani! Ukimpa tambara anakurudishia gauni.

Mwanzoni mwa mwaka hamsini na moja akapata kazi ya majaribio kiwandani hapa kwetu Sindelfingen, idara ya viti. Walikuwa wanaandaa Mercedes 300, gari kubwa la silinda sita, liende kwenye maonyesho ya Frankfurt. Mji mzima haukuwa na habari nyingine. Juzijuzi tu tulikuwa tunaokota matofali kwenye vifusi vya vita, leo mainjinia wetu wanalipandisha milimani kulijaribu gari la mawaziri, wanalifumua, wanaliunda upya! Hedwig akapewa kushona kiti cha nyuma. Akiajiriwa, angeruhusiwa kumleta bintiye Traudel kutoka kambi ya wakimbizi. Asipoajiriwa, ndiyo basi.

Jioni moja akaingia macho yamemvimba, akaanza kufunga sanduku.

"Kulikoni?"

"Fundi mkuu Pfleiderer amekuja kukagua. Kapitisha kidole kwenye mishono yote, kakaa, kainuka, kaenda zake. Hata neno!"

"Hakufoka?"

"Hakufoka."

Nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. "Wee Hedwig, umefaulu! Sisi Waswabia, watu wa huku, asiyekugombeza ndiye amekusifu. Marehemu mume wangu kala chakula changu maisha yake yote, hajasema kitamu hata siku moja!"

"Mama, usinibembeleze."

Kesho yake hakwenda kazini. Kichwa kigumu, huyo! Asubuhi mlango ukagongwa nusura ung'oke. Pfleiderer mwenyewe, kofia upande, jasho linamtiririka.

"Yuko wapi huyo mwanamke? Kiti cha gari la pili nikishone mimi?"

Hedwig akachungulia. "Kwani... nimeajiriwa?"

"Ningekufukuza, wangenisikia nikifoka mpaka Silesia! Vaa viatu!"

Akashuka ngazi mbio, viatu mkononi, analia huku anacheka.

Traudel alifika wakati wa Pentekoste, mwembamba, masikio makubwa. Alinitazama juu mpaka chini, kisha akauliza kama anaweza kuniita bibi. Mwanangu Albrecht hakurudi kutoka vitani, na jina hilo la bibi nilishalizika pamoja naye. Ee Mungu, nashukuru, nashukuru mno. Nikamwambia, "Niite, mjukuu wangu. Hebu niite tena."