Miguu Miwili Juu ya Mawe

Sisi tunaokaa juu ya mawe hatuendi dukani, tunashuka dukani. Njia ya kwangu ina sehemu usipokamata mzizi wa mti, hushuki. Daktari aliposema nisipande wala nisishuke popote mpaka uvimbe uishe, mume wangu alitikisa kichwa kama aliyeelewa. Kisha akalipa vijana wanibebe mgongoni mpaka nyumbani, akaondoka zake visiwani kununua dagaa.

Siku nilipoolewa, mawifi walininawisha miguu, desturi yao, wakapandisha kanga mpaka magotini. Mmoja akauliza, "Hii ndiyo miguu iliyokula ng'ombe wa mahari wa kaka?" Tangu hapo wakaniita korongo, kwa wembamba wa miguu. Baadaye mume naye akaanza: mbona wenzako wana mguu wa bia, umejaa kama chupa? Alipopata hela nikapasuliwa nyuma ya magoti, nikawekewa silikoni kwenye mashavu ya miguu. Sikukataa. Ungesemwa miaka yote hiyo, ungekataa?

Majirani waliambiwa nimegongwa na bodaboda.

Mama mkwe, anayekaa chini kando ya lami, alipanda kumchukua mwanangu. "Ndiyo kwanza anatembea, utamkimbiza na miguu ipi? Pona kwanza." Nikamshukuru, mjinga mimi. Sauti hapa inapanda vizuri kuliko watu, kila asubuhi namsikia mwanangu analia. Nikipiga simu, mama mkwe ananijibu: "Ameshazoea. Usimvuruge."

Jana mchana alilia tena. Nikamsikia wifi akimwita kwake, "Njoo kwa mama." Mtoto akanyamaza.

Nikaketi mlangoni, nikaanza kushuka kwa makalio, jiwe kwa jiwe, miguu mbele. Jirani aliyekuwa anaanika nguo akaziona bandeji.

"Dada, hiyo bodaboda ilichagua nyuma ya magoti tu?"

"Hakuna bodaboda. Ni silikoni."

Alinitazama, akaacha nguo zake, akatangulia chini yangu. Kwenye mzizi akanishika visigino. "Haya, teremka. Wanaume hawa wangekuwa wanabeba maji, wasingeangalia miguu ya mtu."

Uani kwa mama mkwe nilifika bandeji moja imelowa damu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeshaiharibu hiyo miguu."

"Naomba mtoto."

Mtoto alijificha nyuma ya kanga ya bibi yake. Nilingoja palepale chini. Mwisho akaja, akaanza kuvuta bandeji yangu, nikampakata, nikamnyonyesha. Hakuna aliyeniambia ingia ndani. Na nyumba yangu ilikuwa juu kule, kupanda siwezi, naiona tu, nguo za jirani zinapepea.