Macho ya Tekla

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kila ninapoona mtu anatengeneza picha kwenye simu, na mpaka leo natazama chini. Nilikuwa nimeshaoa, lakini akili bado ya ujana. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nafanya kazi studio ya picha pale Mlabani. Shule niliishia darasa la nne, ila kompyuta ya studio nilikuwa naijua, au nilidhani naijua. Ilikuwa inapata moto kama jiko, tukaifungua mgongo ipumue. Haya, tuliache hilo.

Akaja Mama Tekla kutoka Michenga, disketi kaifunga kwenye pindo la kitenge. Mgeni mmoja alipita mashambani na kamera ya kuhifadhi picha kwenye disketi, akampiga picha binti yake Tekla wakati wa kuvuna mpunga, akawaachia hiyo disketi. Masika yaliyofuata Tekla akafariki. Picha nyingine hawakuwa nayo.

"Ina ukungu kidogo," akasema. "Nataka ya kuweka ukutani."

Bosi wangu, Bwana Kanuti, akaniambia, "Toa nakala ya picha kwanza, uiweke kando. Halafu koleza macho tu, tena kidogo. Wewe ukishika hiyo mashine ni kama unafyeka shamba."

Nikacheka. Alipotoka kwenda kula, nakala sikutoa. Nikakoleza macho, nikaona yanapendeza, nikaongeza. Nikaongeza tena, mpaka kope zikasimama moja moja. Nikahifadhi palepale, juu ya ile ya kwanza, nikachapa.

Mama Tekla akaishika karatasi, akaigeuzia kwenye mwanga.

"Huyu nani, baba?"

"Si ndiye Tekla, mama! Sasa anaonekana."

"Mwanangu alikuwa na macho ya kusinzia, tulikuwa tunamtania. Huyu kanikodolea kama tuna ugomvi." Akaiweka mezani. "Nirudishie ule ukungu."

Mwanangu, ulikuwa haupo tena. Kanuti aliporudi akaifungua disketi, akaifunga, akaifungua tena. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Mama akasema, "Asanteni," maana ndivyo alivyolelewa, akaifunga disketi kwenye pindo lake akaondoka. Karatasi aliiacha.

Radhi sikumwomba. Nilijifanya nafuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Basi ukipewa kitu cha mtu ukitengeneze, kwanza kihifadhi kama kilivyokuja. Kisha muulize mwenyewe anapenda nini ndani yake, maana hicho unachokiona kasoro huenda ndicho alichobaki nacho. Na ukiharibu, sema umeharibu, yeye akiwa bado amesimama mbele yako. Mungu akupe mkono wa taratibu, mwanangu, uzeeke ukiwatazama watu usoni.