Fundi Aliyeomba Memori kwa Adabu

Sikulala Jumanne iliyopita, na haukuwa msiba peke yake ulioniweka macho. Habari za kifo cha fundi mmoja wa kompyuta hapa Busia zilinifikia jioni nikikunja nguo, na kabla sijamaliza kusikitika swali likaniingia kama mchanga kwenye kiatu: je, mashine ya dukani kwake bado inatumia ile programu niliyoibadilisha bila kumwambia? Wasomaji wangu mnanijua. Mimi ni mtu wa kurudi mlangoni mara tatu kuhakikisha nimefunga. Lakini safari hii wasiwasi ulikuwa na msingi. Niliambiwa mjane wake anatengeneza kijitabu cha mazishi kwenye mashine hiyo hiyo, pamoja na picha ya marehemu, na mimi peke yangu nilijua kwamba mashine ile ingeweza kuila picha hiyo kimyakimya.

Nilipotoka chuo kikuu na shahada ya kompyuta nilirudi nyumbani Sigalame, nikakaa miezi nikiandika barua za kuomba kazi. Marehemu alikuwa fundi wa redio aliyejifunza kompyuta mwenyewe, kwa kufungua na kuunga. Duka lake karibu na soko lilichapa kadi za harusi, mabango ya mikutano ya injili na vijitabu vya matanga. Alikubali nikae naye, akaniita Injinia, kwa heshima kidogo na kejeli nyingi. Mashine yake ilikuwa na ule mfumo wa bure ambao mtu anaruhusiwa kufungua kiini chake, ile programu kuu inayoendesha nyingine zote, na kukiandika upya; aliuleta kwa diski kutoka Kampala. Kadi ya picha haikuwa na memori ya kutosha, yaani nafasi ya kuweka picha zinazotumika, kwa hivyo iliazima ya mashine yenyewe. Ukifungua picha nne kubwa, kila kitu kinakwama. Tukaamua kuiandikia draiva mpya, yaani programu inayokaa ndani ya kiini na kugawia picha memori, ili mashine ikibanwa iweze kurudisha ile iliyoshikwa na picha zisizohitajika.

Lakini utajuaje picha isiyohitajika? Nilikuja na jibu la darasani: ni ile iliyokaa muda mrefu bila kuguswa. Akacheka, akanipeleka sokoni. Wanawake wa pale wana desturi yao. Anayeondoka kwa muda huacha karai mahali pake. Likiwa limelazwa kifudifudi, jirani akibanwa anaweza kulisogeza na kupanga vitu vyake. Likiwa linaangalia juu, haliguswi. Fundi akamwomba mama mmoja, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Osieko, anifundishe.

"Huyu ana digrii," akamwambia.

"Digrii gani hiyo haijui karai?" mama akajibu, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

Nikamuuliza, "Na ukisogeza la mtu, mama, inakuwaje?"

"Unamwambia akirudi. Si mdomo uko? Mimi nisipoambiwa, nakuja na haraka yangu, nakaa pu! juu ya nyanya ya mtu."

"Na kama linaangalia juu, lakini mwenyewe amekawia sana?"

"Amekawia. Kwani wewe ni bwana yake?"

Tulirudi dukani tukaandika hivyo hivyo. Kila programu ingeiambia draiva ni picha ipi inaweza kuchukuliwa memori yake. Ikitaka kuitumia tena, ingeuliza kwanza, na draiva ingejibu ukweli: bado ipo, au imekwenda, ichore upya kutoka kwenye diski. Na picha ambayo mwenyewe hajasema lolote ilihesabiwa kuwa inahitajika. Hapo ndipo tulipobishana. Programu nyingi za zamani hazikujua kusema chochote, kwa hivyo mashine iliendelea kukwama siku za kazi nyingi. Nikamwambia watu husema kunyamaza ni kukubali. "Kunyamaza ni kunyamaza, Injinia," akasema. "Labda mtu ameenda choo."

Siku moja alipokwenda Malaba kuchukua karatasi, niliongeza mistari michache. Picha yoyote iliyokaa nusu saa bila kuguswa ingenyang'anywa memori yake, na draiva isingesema neno, hivyo programu ingeendelea kuonyesha chochote kilichowekwa pale. Aliporudi mashine ilikuwa inakimbia. "Imepona!" akapiga makofi. Nikatabasamu, nikanyamaza. Wiki zilizofuata aliona madoa kwenye picha mara moja moja, akasema ni waya wa skrini. Aliubadilisha mara mbili. Mimi ndiye niliyemshikia bisibisi. Kisha nikapata kazi hii ya kuandika, nikaondoka.

Tangu Jumanne nimekuwa nikijiuliza ni mangapi tunayofanya hivyo. Kijana anakwenda Kampala kutafuta riziki, akirudi shamba la baba yake limepandwa muhogo na jirani, eti hakuonekana. Kibanda kinavunjwa mwenyewe akiwa hospitali, eti kilikuwa kimefungwa. Aliyechukua huwa na sababu nzuri. Hata mimi nilikuwa nayo, mashine ilikwenda kasi. Nafasi kweli haitoshi, na kuna wakati lazima mmoja asogee. Marehemu hakubisha hilo hata siku moja. Alichokataa ni mtu kugundua hasara yake kwa kuikalia.

Alhamisi nilikwenda dukani. Mjane alikuwa ameishughulikia picha tangu asubuhi, akifuta mikwaruzo ya ile ya zamani, bila kuihifadhi kwenye diski maana hakuwa amemaliza. Alikuwa ameinuka kuwapa wageni chai, akakaa nao karibu saa nzima, na alipoirudisha kwenye skrini, bega na kidevu vilikuwa vimejaa madoa, na vipande vya herufi za kadi ya harusi ya mtu mwingine.

"Macho yangu haya," akaniambia. "Nimelia sana, nadhani nimeiharibu mwenyewe."

Ningeweza kunyamaza. Angeamini habari ya macho maisha yake yote. Nilisimama pale nikihesabu sababu za kungoja mpaka baada ya mazishi, na zilikuwa nyingi, na zote zilikuwa na adabu.

"Si macho yako, mama," nikasema. "Ni mimi." Nikamweleza yote.

Akaugusa waya wa skrini. "Kwa hivyo ule waya alibadilisha bure?"

"Bure, mama. Mara mbili."

"Angekutukana wiki nzima," akasema, kisha akajipangusa uso kwa kitenge. "Halafu angekuuliza ulifanyaje."

Somo nililopata ni dogo: mwenye uwezo wa kuchukua asingoje kuulizwa, aseme mwenyewe alichochukua, ili aliyepoteza ajue pa kuanzia. Nilimwomba ahifadhi sehemu ya picha iliyosalia. Nikaifuta mistari yangu, nikakijenga kiini upya, nikaiwasha mashine mbele yake.

"Sasa itakuwa polepole?" akauliza.

"Itakuwa polepole, mama."

"Sawa." Akavuta kiti, akaanza tena na kidevu.