Shavu la kulia la wifi

Saa moja na nusu asubuhi, na Vidole, kama wanavyomwita hapa, tayari yuko kwenye shavu la tatu.

"Kichwa nyuma kidogo, mama. Usinitazame mimi, tazama saa ya ukutani. Na usicheke."

Mama aliyekaa kitini anacheka. Vidole anashusha mikono na kusubiri, kwa sababu shavu likicheka hupanda, na shavu lililopanda halipimiki. Kicheko kikiisha, anachovya vidole viwili vyenye glavu ndani ya kopo lenye kifuniko cha bluu na kuanza kupaka, kutoka kando ya pua kuelekea sikioni, taratibu, bila kuvuta ngozi.

Chumba chenyewe ni kidogo. Kina kiti cha kinyozi kilichonunuliwa mtumba, taa mbili nyeupe zinazoumiza macho, na kamera iliyofungwa mahali pamoja isisogee. Hakina kioo. Kilikuwepo kimoja ukutani, kikaondolewa baada ya wanawake kuanza kujitazama kila asubuhi na kujitangazia matokeo wenyewe.

Hapa ndipo watengenezaji wadogo wa vipodozi wanapojaribu kiungo kipya, unga mweupe unaochanganywa kwenye krimu. Kinasemekana kuvuta unyevu na kuijaza ngozi ya uso pale ilipobonyea kwa umri au maradhi. Kinasemekana, nasema, kwa sababu kusema ni rahisi. Kazi ya Vidole ni kupaka na kupima, ili ijulikane kama ni kweli.

Kila mshiriki hupakwa vitu viwili: shavu moja krimu yenye kiungo, jingine krimu tupu ya kulainisha. Makopo yanafanana, ni vifuniko tu vinavyotofautiana, na upande wenye dawa hubadilika kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Mpakwaji hajui. Mpakaji naye hajui.

"Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nawaambia napaka watu mafuta," anasema. "Wanadhani natania. Mama yangu mpaka leo anaamini nafanya kazi saluni."

Chumba kina mzaha wake mmoja, uliozeeka tangu wiki ya kwanza na bado haujastaafishwa. Vidole akisema, "Naanza na shavu la kulia," lazima mtu aliyeko kwenye benchi la nje aitikie, "Na la kucheka je?" Wote wanacheka upya. Vidole anashusha mikono na kusubiri tena.

Yeye mwenyewe hana shavu la kusifiwa. Miaka minne iliyopita aliugua tumbo akapasuliwa, akakonda nusu ya alivyokuwa, na katika kuumwa huko magego yake yakaanza kuoza, moja baada ya jingine. Yaling'olewa. Afya iliporudi ilirudi kila mahali, kiunoni, mikononi, hata kwenye vifundo vya miguu, ila usoni haikupita. Mashavu yameingia ndani, na mifupa chini ya macho imetoka kama kona za meza.

Ana miaka arobaini na sita. Kondakta wa basi humwita bibi.

Kanuni ya kazi inamkataza kutumia krimu anayoipaka. Aliyepima hawezi kuwa aliyepimwa. Kila anapomaliza shavu moja, huvua glavu na kuitupa kwenye ndoo ikiwa bado inang'aa kwa krimu.

"Kuna siku nilikuwa naitazama ile glavu kama mtu anayetazama mnofu ulioanguka mchangani," anasema. "Unajua hauliki tena, lakini jicho halitoki."

Angeweza kuvumilia hayo yote. Asichoweza kukivumilia kiliingia mlangoni siku ya pili ya majaribio, kimevaa gauni jipya la kijani.

Alikuwa wifi yake.

Dada wa mumewe ni fundi cherehani, mwanamke mwenye ulimi mwepesi ambaye hajawahi kukosa la kusema. Alisikia tangazo kwa mteja, akajiandikisha bila kumwambia mtu. Vidole alimwomba mkemia anayesimamia majaribio ampe mtu mwingine ampake huyo. Mkemia, kijana mpole mwenye miwani, alimjibu kwamba mpakaji ni mmoja tu katika jengo zima, na ni yeye.

"Basi nikampaka," anasema. "Kila siku ya kazi. Anakaa hapo kama malkia, anafumba macho, ananiambia, 'Wifi, vidole vyako laini, kumbe kaka yangu anafaidi.'"

Mwezi wa tatu wa majaribio shavu la kulia la wifi lilianza kujaa.

Lilijaa kweli. Kipimo kilionyesha, kamera ikaonyesha, mkemia akaanza kupiga mluzi kwenye korido. La kushoto lilibaki vilevile. Wifi akajifunza kuketi upande upande, na katika kila picha ya familia akawa amegeuka kana kwamba kuna mtu anamwita kutoka kushoto.

"Nilikuwa na kijiba cha roho," anasema Vidole, bila kushusha sauti. Wanawake wa benchi wanasikia na hawashangai. Inaonekana habari hiyo ni ya zamani. "Usiandike kwamba nilisikitika kidogo. Andika wivu. Nilikuwa naamka nao, nasafiri nao kwenye basi, naufikisha hapa, halafu naupaka mafuta kwa mikono yangu mwenyewe."

Ukimsikiliza haraka utadhani ni mambo ya urembo tu. Si hayo. Ni mambo ya binti.

Vidole ana mtoto mmoja, msichana anayemaliza chuo cha ualimu mwaka huu. Binti ana uso wa mviringo, mashavu yaliyojaa na kishimo kila upande akicheka. Zamani kila aliyewaona wakiongozana alisema, "Huyu umemtapika." Baada ya ugonjwa watu waliacha kusema hivyo. Kisha shavu la wifi lilipojaa, wakaanza kusema jambo jingine.

"Tulikuwa kwenye duka la viatu, sisi watatu," anasimulia. "Muuza duka akamwambia wifi yangu, 'Mama, binti yako kafanana na wewe kama nini.' Halafu akanigeukia mimi. 'Na bibi naye achague viatu.' Wifi hakumsahihisha. Alicheka tu. Na mwanangu, Mungu amsamehe, naye akacheka."

Hapo anavua glavu kabla ya wakati wake na kuitupa.

Tangu siku hiyo aliacha kuficha. Nyumbani mumewe akisifia chakula alichopika dada yake, aliulizwa kama amemwoa dada yake. Kazini akimpaka wifi hakuongea. Mume alicheka, mkemia alicheka, na wifi, ambaye hakuna kitu anachokipenda kama kuonewa gere, alinona kwa furaha. Wivu wa Vidole ukawa mzaha wa pili wa chumba.

Ndiyo maana siku aliposema kweli hakuna aliyemwamini.

Ilikuwa mwezi wa nne. Alikuwa anapaka, na vidole vyake, ambavyo vimegusa mashavu mengi kuliko vya mtu yeyote katika mtaa wake, vikakuta joto. Lilikuwa chini ya ngozi, karibu na taya, na kando yake palikuwa na ugumu mdogo wenye mviringo. Alipobonyeza, wifi alishtuka, kisha akajifanya amekohoa.

"Krimu haichemshi shavu," anasema. "Nikamtazama. Mafundi cherehani wanashika pini kwa midomo, na yeye siku zote anazibana upande wa kulia. Jioni yake nilipita kwake makusudi. Pini zilikuwa zimehamia kushoto."

Magego yake mwenyewe yalikuwa yameanza vivyo hivyo. Shavu hilo halikuwa limejazwa na dawa. Lilikuwa limevimba kwa jino lililooza.

Alimwambia wifi palepale mbele ya cherehani. "Wifi, hilo ni jino. Nenda ukaonwe."

Wifi alitoa pini mdomoni ili acheke vizuri. "Umejaribu yote, sasa umefika kwenye meno? Kumbe uso wangu unakukosesha usingizi kiasi hicho!"

Vidole akamwendea mumewe. Mume akamwambia, "Muache dada yangu na uso wake." Akamwendea mkemia, ambaye alikiri kwamba si daktari. Akaahidi kulitazama jambo hilo, lakini macho yake yalikuwa kwenye picha ukutani, na shavu la kulia la wifi ndilo lililokuwa zuri kuliko yote katika majaribio. Hata binti alimkemea kwa upole: "Mama, jamani. Sasa imezidi."

"Nilifikiri nimwache avimbe," anasema Vidole. "Nilifikiri hivyo usiku kucha, na wazo lilikuwa tamu. Lakini mimi najua usaha ukiachwa unakwenda wapi. Unapanda kwenye jicho. Unashuka shingoni. Wapo waliozikwa kwa jino."

Jumapili iliyofuata familia ilikusanyika kwa chakula cha mchana. Wifi alikuwa amegeuza upande wake mzuri, anatafuna kidogo kidogo, machozi yakimlengalenga kila akimeza. Vidole akasimama. Mumewe anakumbuka kwamba alishika kijiko na kusahau kukiweka.

"Wifi," alisema, "kesho nenda kwa daktari wa meno. Akisema huna kitu, nitakuja mbele ya hawa wote niseme binti huyu amefanana na wewe. Nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, na sitalizungumza tena mpaka nife."

Binti aliacha kula.

Kila mtu pale alijua ameweka nini mezani. Wifi naye alijua, na asingeikosa nafasi hiyo kwa chochote. "Kesho saa mbili," alisema. "Na wote mje mshuhudie."

Walikwenda watatu: wifi, Vidole na binti. Daktari wa meno aligonga gego la juu kwa kijichuma, na wifi akapiga ukelele uliosikika kwenye duka la dawa la jirani. Jino lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi, na usaha ulikuwa umejikusanya chini ya shavu kwa wiki nyingi. Daktari aliuliza kwa nini hakuja mapema. Wifi, akiwa nusu uso ganzi, akasema alidhani ni dawa inafanya kazi. Kisha akasema ukweli: aliogopa kuondolewa kwenye majaribio, na aliogopa shavu lisirudi lilikotoka.

Alilia kwenye kiti kile. Binti alimshika mkono mmoja, Vidole akamshika wa pili. "Sasa hilo ndilo shavu la kulia," anasema Vidole, na benchi lote la nje linaangua kicheko.

Wifi aliondolewa. Kwa kuwa alikuwa ameugua ilibidi kopo lake lifichuliwe. Shavu la kulia, lililompa mkemia mluzi na Vidole kijiba, lilikuwa limepakwa krimu tupu muda wote. Dawa ilikuwa upande wa kushoto, ambao hakuna aliyeutazama.

Na kiungo chenyewe, je, kinajaza? Mkemia sasa hapigi mluzi. Anasema kwa baadhi ya wanawake kuna tofauti ndogo, inayoonekana kwa kipimo kuliko kwa jicho, na kwamba ni mapema kusema zaidi. Tangu mkasa ule amemweka daktari wa meno awakague washiriki wote kabla ya duru ijayo.

Jino liling'olewa, na uvimbe uliposhuka, shavu la wifi lilishuka nao, likapita pale lilipokuwa mwanzo. Sasa limeingia ndani kuliko la Vidole.

Namuuliza alijisikiaje alipoliona. Anaipangusa meza ya makopo, ingawa ni safi.

"Nilifurahi. Andika hivyo hivyo. Nilifurahi siku mbili. Ya tatu nikampelekea uji, nikamkuta amekaa kwenye cherehani, amefunga kitambaa usoni kama mtu mwenye haya. Furaha ikakatika. Nikakaa nikamsaidia kufumua mishono."

Duru ijayo itatafuta wanawake waliopoteza mashavu kwa ugonjwa au kwa kung'olewa meno. Vidole ameshaamua. Ataacha kazi ya kupaka, ingawa hana nyingine, akae upande wa pili wa kiti. Mumewe anasema amepotewa na akili. Yeye anasema amepaka nyuso za wenzake vya kutosha.

"Sitaki kuwa msichana," anasema. "Binti yangu anahitimu mwishoni mwa mwaka. Nataka tusimame wawili mahali, apite mtu asiyetujua, aseme, 'Huyu ni mama yako.' Mara moja tu. Bila kuambiwa."

Jioni napita kwa wifi kuhakiki habari. Anashona kola, pini mdomoni. Ninapomtajia tumaini la Vidole, mguu wake unasimama kwenye kikanyagio, naye anazitoa pini.

"Siku kaka yangu alipomleta yule nyumbani," anasema, "alikuwa na mashavu hivi, na vishimo akicheka. Kila aliyeingia alimtazama yeye. Mimi nilikuwa nimezoea kutazamwa mimi. Roho iliniuma mwaka mzima. Nilikuwa naongeza chumvi kwenye mchuzi wake akigeuka, ili aonekane hajui kupika. Unadhani nilikwenda kupakwa kwa nini? Nilitaka yale mashavu."

Anaikunja kola, anaikunjua.

"Yule mtoto hajafanana na mimi hata kidogo. Ni mama yake mtupu, wa siku ile. Wengine wamesahau alivyokuwa. Mimi sisahau, kwa sababu niliumia."

Namuuliza kama amewahi kumwambia.

"Mimi? Mdomoni haitoki. Andika wewe, ataikuta gazetini."

Anarudisha pini mdomoni, upande wa kulia, na kuendelea kushona.