Maji ya Mutungi

Majina yao nayakumbuka yote: la mama mukwe, la pasteri, mpaka ya wamama waliokaa benchi ya kwanza. Siyaandiki, kwa sababu watoto wao wangali hapa Kalemie.

Baba yangu alifanya kazi kwenye reli. Kwetu, Wakatoliki, mutoto anabatizwa angali mukononi. Bwana yangu alikuwa muvuvi kutoka kaskazini ya ziwa, Muprotestanti. Kwao mutoto anangoja mpaka aamini mwenyewe, ndipo anazamishwa ziwani, muzima muzima. Waliniambia na mimi nizamishwe. Nikakataa: nimebatizwa mara moja, inanitosha. Basi kwenye Meza ya Bwana hawakunipa mukate, na padiri pia akaninyima, kwa sababu nilifunga ndoa kwa Waprotestanti. Nikakaa hivyo, pande zote mbili bila mukate.

Mwaka wa 1964, wakati wa vita, mapadiri walikuwa wamekimbia na dispansari imefungwa. Mutoto wangu wa kwanza, wa miezi mitatu, akashikwa na homa mpaka macho yakageuka. Bwana alikuwa ziwani. Katekista alitufundisha zamani: kama muntu anakufa na padiri hayuko, Mukristu yeyote anaweza kumubatiza. Nikachota kikombe cha maji kwenye mutungi.

Mama mukwe akanishika mukono. "Weye binti, unafanya nini?"

"Namubatiza, mama."

"Huyu hajui hata jina lake. Atatubu nini? Amekuibia maziwa?"

"Acha mukono wangu!" Sauti ilifika kwa majirani.

Akaacha. Nikamumwagia mutoto maji mara tatu kichwani, na maneno yake yote.

"Umemunawisha tu," akasema mama mukwe.

"Basi nimemunawisha kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mutakatifu."

Mutoto akapona. Mama mukwe akasema njo maombi yake yalimuponya, sikubishana. Lakini alinishitaki, na siku ya Mungu pasteri akaniita kanisani mbele ya watu niombe musamaha.

Nikasimama, mutoto mugongoni. "Nilimupazia mama mukwe sauti, naomba musamaha. Kwa maji, hapana."

Mutoto akaanza kulia, nikamufungua, nikaenda benchi ya kwanza kumunyonyesha. Ilikuwa imejaa. Wamama wakaangalia mbele. Mama mukwe peke yake akasogea, bila kuniangalia, nikakaa.